Fuata Sindano Moja: Namna ya Kuandaa Kliniki Binafsi ya Tiba ya Michezo kwa Ukaguzi

Kliniki ya tiba ya michezo inaweza kuwa na mashine ya ultrasaundi ya mamilioni na bado ikaangushwa na chupa ya lignokaini, dawa ya ganzi, iliyofunguliwa bila kuandikwa tarehe. Wakaguzi hawaji kustaajabia vifaa. Wanakuja kuona kama mtu anayeingia na goti lililovimba atatoka bila goti hilo kuingia usaha, na kama kuna karatasi ya kuthibitisha hivyo.

Mwongozo huu ni wa kliniki binafsi za Kenya, hasa za Eldoret na Iten, ambako mteja wa kawaida ni mkimbiaji mwenye kano ya kisigino inayouma, au msuli wa nyuma ya paja uliochanika wiki sita kabla ya mbio. Kazi ya kliniki kama hiyo ni kupima, kuchoma sindano za viungo, kufanya fiziotherapia na kutoa rufaa. Kati ya hizo, inayoleta hatari kubwa kwa muda mfupi ni sindano, kwa hiyo maandalizi mengi yaelekee huko.

Anayekuja na anachopima

Vituo vya afya husajiliwa na kupewa leseni na KMPDC, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Mwaka 2016 orodha ya pamoja ya ukaguzi ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali, ili mabaraza ya taaluma mbalimbali yasiendelee kubisha hodi moja moja, kila moja na karatasi yake. Katika mfumo huo kila kipengele kina alama, na jumla ya alama ndiyo inayoamua kituo kitarudiwa lini: kilicho kwenye kundi la juu kabisa hukaa miezi 24, kinachofuatia miezi 12, kisha miezi 6, kisha miezi 3. Cha mwisho kabisa hufungwa.

Maana yake ni kwamba alama zinapotea kidogo kidogo. Sabuni iliyoisha kwenye sinki moja, pipa lisilo na mfuko wa rangi yake, rejista yenye wiki mbili tupu. Kila kimoja peke yake ni kidogo, lakini vikijumlishwa vinaweza kukushusha kundi zima.

Leseni: kazi ya asubuhi moja

Hapa hakuna ujanja. Leseni ya kituo na ya kila daktari huisha tarehe 31 Desemba, na daktari anahitaji pointi 50 za mafunzo endelevu kwa mwaka ili ya kwake isasishwe. Mtaalamu wa fiziotherapia awe na leseni ya Baraza la Fiziotherapia, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Muuguzi ya Baraza la Wauguzi. Tabibu ya Baraza la Matabibu. Mkiuza dawa, Bodi ya Famasia na Sumu inahusika. Mkiwa na eksirei mnahitaji kibali cha mamlaka ya nyuklia, KNRA. Ultrasaundi haihitaji kibali hicho kwa kuwa haitoi mionzi ya aina hiyo.

Kinachosahauliwa sana ni usajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mtoa huduma ya afya anatakiwa kujisajili hata akiwa na wafanyakazi watatu, na cheti hudumu miezi 24. Cha pili kinachosahauliwa ni mchuaji wa mkataba anayekuja Jumamosi tu. Mkaguzi akimkuta na mgonjwa kitandani, "huyu si wetu" si jibu. Kama anagusa wagonjwa wenu, faili lake liwepo.

Nakala halisi zitundikwe mapokezi pamoja na bei za huduma na haki za mgonjwa. Nakala za pili ziwe kwenye faili moja lenye vigawanyo, na ukurasa wa kwanza uorodheshe tarehe ya kila leseni kuisha.

Fuata sindano moja

Njia bora ya kujikagua ni kuchagua mgonjwa mmoja wa jana aliyechomwa sindano ya goti, kisha kuifuata sindano hiyo tangu dawa iliponunuliwa hadi ilipoteketezwa. Mkaguzi mzoefu hufanya hivyohivyo, ingawa hatakuambia.

Anza stoo. Dawa iwe na ankara ya muuzaji mwenye leseni, namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chumba kiwe na kipimajoto na karatasi ya kuandika joto mara mbili kwa siku, na friji isomeke kati ya nyuzi 2 na 8. Karatasi yenye nyuzi 4 kila siku, asubuhi na jioni, mwezi mzima, tena kwa kalamu moja, haimdanganyi mtu. Ni heri karatasi yenye nyuzi 9 siku ya Alhamisi na maelezo kando yake: umeme ulikatika saa tatu, dawa zikahamishiwa kwenye kisanduku baridi, mfamasia akajulishwa.

Sasa nenda kwenye trei. Lignokaini iliyozoeleka huja kwenye chupa ya dozi nyingi ya asilimia 2, yaani mg 20 kwa kila ml. Ikifunguliwa iandikwe tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya kutupwa, siku zisizozidi 28. Sindano isiachwe ikiwa imechomekwa kwenye kizibo ili "kurahisisha kazi". Tundu hilo ni mlango wazi, na kosa hili huonekana ukiwa umesimama mlangoni tu.

Kipimo kiandikwe kwa uzito wa mgonjwa. Kwa kikomo cha tahadhari cha mg 3 kwa kilo, mkimbiaji wa kilo 55 asizidishe mg 165, ambazo kwa lignokaini ya asilimia 2 ni takriban ml 8. Sindano moja ya goti haifiki huko. Hatari huja daktari anapochoma goti, kisha nyonga, kisha kisigino kwa kikao kimoja, na hakuna aliyejumlisha. Wakimbiaji wa masafa marefu ni wepesi. Dozi iliyozoeleka kwa mchezaji wa raga wa kilo 100 haiwafai. Kwa hiyo mizani ikae chumba cha sindano, na nafasi ya kuandika uzito iwe kwenye fomu yenyewe.

Ngozi isafishwe kwa klorheksidini ya asilimia 2 iliyo ndani ya spiriti ya asilimia 70, kisha iachwe ikauke yenyewe kwa sekunde 30 hivi. Kuipuliza, kuipepea au kuifuta kwa pamba ni kubatilisha kazi. Mikono isafishwe kwa dawa ya spiriti kwa sekunde 20 hadi 30, au kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60. Mkaguzi anaweza kumwomba muuguzi aonyeshe, naye atahesabu kimoyomoyo.

Kama sindano inaongozwa na ultrasaundi, tazama chupa ya jeli. Kwa kuchoma tumia pakiti ndogo ya jeli tasa, yaani isiyo na vijidudu, ya mgonjwa mmoja. Chupa kubwa inayojazwa tena na tena kutoka kwenye galoni ni bustani ya vijidudu, na kuna kliniki nzuri kwa kila kitu kingine ambazo bado zinaijaza. Kichwa cha mashine kifutwe jeli yote kwanza, ndipo kipakwe dawa ya kuua vijidudu inayoruhusiwa na mtengenezaji. Spiriti kali hupasua mpira wa baadhi ya vichwa, na ufa ni mahali pa uchafu kujificha.

Sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko. Itupwe kwenye kisanduku cha vyenye ncha kali kilichopo umbali wa mkono, na kisanduku kifungwe kikijaa robo tatu. Taka za kawaida ziende mfuko mweusi, zenye maambukizi wa njano, zenye hatari kubwa ya maambukizi wa nyekundu. Kutoka hapo mkaguzi atauliza zinakwenda wapi. Mkataba na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, uwepo, pamoja na hati za kila safari zenye kilo na saini. Mkataba wa mwaka mzima wenye hati mbili tu unauliza swali lenyewe: za miezi mingine zilichomwa nyuma ya nyumba?

Ukifika mwisho bila kukwama, rudia na mgonjwa mwingine. Ukikwama, umepata kazi ya wiki hii.

Autoklevu ya Iten si ya Mombasa

Hili kuhusu autoklevu, mashine ya kutasisha vifaa (kuua vijidudu vyote) kwa mvuke, halijulikani vya kutosha. Iten iko mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Maji huchemka karibu nyuzi 92, hivyo kuchemsha vifaa, ambako hata Mombasa si kutasisha, huko ni kuvipasha moto tu.

Autoklevu ndogo ya mfano wa sufuria ya mvuke ina saa ya shinikizo, na kitabu chake husema psi 15 (psi ni kipimo cha shinikizo) kwa nyuzi 121. Hiyo ni hesabu ya pwani. Saa hiyo inaonyesha shinikizo lililozidi la hewa ya nje, na kwa kuwa hewa ya Iten ni pungufu, psi 15 za huko hutoa takriban nyuzi 117. Ili kupata nyuzi 121 unahitaji karibu psi 19. Usilazimishe: vali ya usalama ina kikomo chake, na chombo kinachopasuka hakichagui wa kumpiga. Hatua ni hizi. Kwanza, soma au muulize mtengenezaji shinikizo la juu linaloruhusiwa. Pili, kama psi 19 haziruhusiwi, pata kutoka kwake muda mpya wa mzunguko, maana kwa nyuzi 117 muda unaohitajika ni zaidi ya mara mbili. Tatu, kila mzunguko uwe na kiashiria cha kemikali ndani ya pakiti, si ile tepu ya nje peke yake. Tepu hubadilika rangi kwa joto hata kama mvuke haukufika katikati. Nne, fanya kipimo cha spora (vijidudu sugu vya kuijaribu mashine) kwa ratiba na utunze majibu.

Mashine ya kisasa inayopima joto lenyewe hujirekebisha. Ikiwa uwezo upo, nunua hiyo kabla ya mashine nyingine yoyote. Ikiwa haupo, tumia vifaa vya kutupa na uachane na autoklevu; hakuna aibu.

Klorini nayo hukosewa. Kanuni ni asilimia ya chupa kugawanya kwa asilimia unayotaka, toa 1. Jik ya asilimia 3.5 kwa mchanganyiko wa asilimia 0.5: 3.5 ÷ 0.5 ni 7, toa 1, sehemu 6 za maji kwa 1 ya Jik. Soma lebo kila unaponunua chupa mpya, maana asilimia hubadilika. Ndoo iandikwe saa ya kuchanganywa na imwagwe kila siku.

Dharura

Mgonjwa anaweza kupata mzio mkali ndani ya dakika chache baada ya sindano. Trei ya dharura iwe na adrenalini ya mg 1 kwa ml, angalau vichupa vitano, sindano za ml 1, barakoa ya oksijeni, mfuko wa kupumulisha, kanula, maji ya mshipani, na mashine ya kushtua moyo ambayo betri na pedi zake hazijapitwa na tarehe. Dozi ya adrenalini kwa mtu mzima ni ml 0.5 kwenye msuli wa nje wa paja, na hurudiwa baada ya dakika 5 hali isipobadilika. Ibandike ukutani kwa herufi kubwa. Mwulize mhudumu wa mapokezi trei iko wapi. Mkaguzi atamwuliza yeye, hatamwuliza daktari. Trei isifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda chakula cha mchana. Tumia lakiri ya plastiki inayokatika.

Oksijeni ihesabiwe. Mtungi wa lita 1,360 kwa lita 10 kwa dakika hudumu dakika 136. Ukiwa nusu, 68. Kutoka Iten hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 30, na ambulensi ina muda wake wa kufika kabla ya kuanza safari. Nusu mtungi inatosha kwa shida, kwa hiyo kikomo cha kujaza upya kiwe juu ya nusu. Namba za ambulensi zijaribiwe kwa kupigwa, na tarehe ya kupiga iandikwe.

Kliniki inayotumia dozi kubwa za dawa ya ganzi iwe pia na emulsheni ya mafuta ya asilimia 20, ya kuingizwa mshipani. Kwa sumu ya ganzi huanzwa kwa ml 1.5 kwa kilo: kwa yule wa kilo 55, takriban ml 83.

Chumba cha fiziotherapia

Kitanda kilichopasuka ngozi hakisafishiki, kiwe kimefunikwa shuka jeupe kiasi gani. Badilisha ngozi, fundi wa viti vya matatu anaiweza. Taulo moja, mgonjwa mmoja.

Vifurushi vya joto hukaa kwenye maji ya nyuzi zipatazo 71 hadi 74, na huhitaji tabaka 6 hadi 8 za taulo kabla ya kugusa mwili. Kuungua hutokea taulo zikiwa zimechakaa na mtaalamu akahesabu tabaka kwa mazoea, au mgonjwa akilala juu ya kifurushi badala ya kuwekewa. Ngozi itazamwe baada ya dakika 5 na iandikwe kwamba ilitazamwa. Mashine za umeme ziwe na stika ya upimaji wenye tarehe. Sindano kavu za misuli, zile zisizo na dawa, zihesabiwe zinapoingia na zinapotoka, namba iandikwe. Ile iliyosahaulika chini ya shuka humchoma mfagizi.

Mwanariadha anayepimwa pufya

Orodha ya pamoja iliandikwa kwa vituo vya kila aina, kwa hiyo haimjui mwanariadha. Lakini kliniki ya michezo isiyo na utaratibu wa pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni, haina haki ya kujiita hivyo. Chapisha orodha ya mwaka huu ya WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, kwa sababu mpya huanza kutumika kila tarehe 1 Januari.

Tangu mwaka 2022 sindano zote za glukokotikoidi (steroidi za kupunguza uvimbe), zikiwemo za ndani ya kiungo, zimekatazwa wakati wa mashindano, na wakati huo huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia shindano. Muda wa kusubiri baada ya sindano ya kiungo ni siku 3 kwa dawa nyingi, lakini siku 10 kwa triamsinoloni asetonaidi. Dawa hiyohiyo ikichomwa msulini, kwenye makalio, ni siku 60. Chupa ni ileile, na tofauti ni mahali ilipochomwa. Ndiyo sababu faili liandike jina kamili la dawa, mg, mahali na saa. "Steroid goti" haitamwokoa mtu mbele ya jopo. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, nayo imekatazwa mashindanoni tangu tarehe 1 Januari 2024.

Halafu dripu. Mkimbiaji aliyechoka huomba chupa ya maji, na kliniki nyingi humpa. Zaidi ya ml 100 kwa saa 12 ni marufuku wakati wote, isipokuwa katika matibabu halali ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Chupa ya ml 500 kwa uchovu wa mazoezi haiingii humo. Dharura ya kweli hutibiwa kwanza, kisha maombi ya kibali cha matumizi ya kitiba yakapelekwa ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na pufya, au kwa chombo kinachomhusu, pamoja na maelezo yote ya daktari.

Jambo moja zaidi kwenye kambi: kocha si mzazi. Mwenye miaka 16 ni mtoto kisheria, na saini ya kocha kwenye fomu ya ridhaa haitoshi. Pateni saini ya mzazi au mlezi wa kisheria tangu siku ya kwanza anapoingia kambini.

Mafaili kumi

Mwezi mmoja kabla, chomoa mafaili kumi bila kuchagua. Kila moja litafutiwe vitu vinane: majina mawili ya kumtambua mgonjwa, uzito, mzio, utambuzi wa tatizo, ridhaa yenye hatari zilizotajwa, dawa na namba ya bechi, muda aliokaa akiangaliwa baada ya sindano, na maagizo aliyopewa kwenda nayo. Toa alama kati ya 80, moja kwa kila kitu kilichopatikana. Alama 62 iliyoandikwa, ikafuatiwa na 74 mwezi uliofuata, ni ushahidi bora kuliko 80 isiyo na historia. Rejista ya matukio nayo isiwe tupu. Kliniki ya miaka mitatu isiyowahi kuwa na kosa hata moja ina kosa la kutoandika.

Siku yenyewe

Omba kitambulisho na barua, andika majina na saa. Mtu mmoja atembee nao na mwingine aendelee kuwahudumia wagonjwa. Kusimamisha kliniki nzima ni kuonyesha kwamba kazi ya kawaida haitazamiki. Faragha ya mgonjwa ibaki palepale, mlango ubishwe hodi hata kwa mkaguzi. Usichokijua, sema utakileta, kisha ukilete. Wala pasiwe na bahasha; mwenye kuiomba aandikwe jina na aripotiwe.

Kabla hawajaondoka, pitieni alama pamoja kipengele kwa kipengele. Kama kuna kilichokosewa, kwa mfano hati ilikuwepo ila haikuonekana, ionyesheni hapohapo na muombe iandikwe, maana kuirekebisha baadaye ni safari ya barua. Bakini na nakala iliyosainiwa.

Kesho yake fungueni karatasi yenye safu nne: pengo, mtu mmoja anayewajibika, tarehe, ushahidi. Mapengo ya dharura, trei na utasishaji yafungwe ndani ya siku 7; ya majengo yapewe bajeti na mwezi. Picha ya kabla na ya baada zibandikwe kwenye faili hilohilo. Mkaguzi wa pili huanzia hapo.